Shamima Alifika Kabla ya Kuondoka

Saa mbili kasoro dakika nane asubuhi, Jumamosi, Bi Asya alikuwa ndiyo kwanza amefunga utepe wa mwisho wa mbio pale Madungu, Shamima akaukata kwa kifua. Mbio za wanawake kutoka Vitongoji zilikuwa hazijaanza. Zilipangwa kuanza saa mbili kamili.

Bi Asya, mwalimu wa skuli, aliandika muda, akampa maji, kisha akampigia simu Fahmi, mpuliza filimbi aliyekuwa Vitongoji.

"Shamima keshafika."

"Mbona yuko hapa? Anafunga kamba za viatu."

"Basi mwambie asichelewe kuondoka, isije ikawa tabu."

Fahmi akamwambia. Saa mbili kamili akapuliza, Shamima akatoka na wenzake thelathini na wawili, na baada ya kona ya kwanza hakuonekana tena njiani.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa Chake Chake, mtoto wa muuguzi. Mababu zake walitoka Bara Hindi zamani sana, hata nyumbani hakuna aliyejua mwaka. Kwao hakukuwa na duka, wala halijapata kuwapo, lakini wapita njia walibisha hodi kuulizia bei ya mchele. Yeye alitaka kitu kimoja tu: kwenda Unguja kuiwakilisha Pemba. Mshindi wa siku ile ndiye angepelekwa.

Mzee Hamdan, mwenyekiti wa kamati ya mbio, alifika Madungu, akautazama muda, akaupitisha. Kanuni zilikataza kuchelewa, kuwahi hazikukutaja.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Ila Unguja tutampeleka mwengine."

"Kwa nini, Mzee? Si nimeshinda?"

"Umeshinda. Lakini nyinyi Wahindi mbio si zenu, leo imekutokea tu. Nyinyi watu wa kichwa." Akamsogezea kiti na karatasi. "Kaa hapa utupigie hesabu za wenzako. Muda wa kufika, toa wa kuondoka."

"Hesabu nilipata F, Mzee. Mara mbili."

Mzee Hamdan alicheka mpaka akafuta machozi. "Mhindi apate F!"

Shamima akamtazama Bi Asya, aliyemsomesha hesabu na kuzisahihisha hizo F kwa mkono wake. Bi Asya aliinama, akaendelea kuukunja utepe.

Wakaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa Rahma wa Tumbe, akihema. Wa mwisho alikuwa Bi Mwanapili, muuza mikate wa miaka hamsini na saba, aliyejiandikisha kwa ajili ya fulana ya bure na njiani alisimama mara tatu kuamkiana na watu. Shamima alihesabu kwa vidole, akafuta, akahesabu tena. Ikatoka kwamba Bi Mwanapili alitumia dakika kumi na moja, chache kuliko za wenzake wote.

"Kagueni," alisema. "Nahisi nimekosea."

"Ukosee wewe?" Mzee Hamdan akatia saini bila kusoma.

Rahma alipolalamika, alioneshwa karatasi. "Hizi kazipiga Mhindi," aliambiwa, akairudisha karatasi akaenda zake.

Wiki iliyofuata Bi Mwanapili alipanda boti ya Unguja bandarini Mkoani na kikapu cha mikate. Shamima alimsindikiza, akamfundisha kunyoosha misuli palepale gatini.

"Huko nako wanatoa fulana?" aliuliza Bi Mwanapili.

"Wanatoa, Bi. Kimbia tu."

Siku ya pili yake kamati ilimwandikia Shamima barua ya kumteua mpiga hesabu wake wa kudumu. Barua iliusifu usahihi wake.

Alfajiri mama yake alimkuta jikoni, amesharudi mazoezini, jasho linamtiririka. Akamkuta na chumbani, bado amelala. Alimmiminia chai huyu wa jikoni, kisha akaenda kumvuta shuka yule wa kitandani.

"Amka ukakimbie, mwanangu," alisema. "Umesharudi."