Kebo ya Mita Tano

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, kebo ya kuchajia gari ilikuwa imekazika kama kamba ya kuanikia nguo, na ncha yake imeishia hewani, sentimita tisini kabla ya tundu la gari.

Aliyeishika ncha hiyo alikuwa dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, aliyekaa miaka thelathini na miwili nyuma ya usukani, ambaye mtaa mzima ulimwita King'ora. Aliivuta tena. Kebo si mpira, haikuongezeka.

Gari lilikuwa jipya, la umeme, limefika mchana huo likiwa na chaji asilimia thelathini na moja. Chaji hiyo ilitosha kilomita tisini. Hospitali ya macho ilikuwa umbali wa kilomita mia moja na thelathini, na mkewe, fundi cherehani, alikuwa na miadi ya upasuaji kesho yake saa mbili asubuhi. Mtoto wa jicho alikuwa ameliziba jicho lake la kushoto, na nafasi hiyo walikuwa wameisubiri miezi saba. Gari lao la petroli lilikwisha kuuzwa.

"Mama watoto," aliita, "hebu njoo na futi yako."

Mkewe alitoka na futi ya kitambaa shingoni. Aliivaa kutwa, kama wengine wanavyovaa mkufu.

"Imefika?"

"Haijafika."

"Mita tano nzima?"

"Kebo haina kosa. Mimi nauliza kipimo. Sisemi kitu, lakini jicho lile..."

"Umeshasema."

Wiki iliyotangulia, muuzaji wa duka la vifaa vya umeme aliwauliza mambo matatu: umbo la tundu la gari, nguvu ya chaja iliyofungwa ukutani, na umbali wa kutoka chaja hadi tundu. Mawili ya kwanza King'ora aliyasoma, moja kwenye kijitabu cha gari na jingine kwenye kibandiko cha chaja, akayataja bila kukosea. La tatu alilipima mkewe: mita nne na sentimita kumi, kushuka na kupanda kukiwamo. Dukani palikuwa na kebo ya mita tano na ya mita saba na nusu. King'ora alitaka ile ndefu. Mkewe alikataa, akisema kebo iliyozidi hulala sakafuni, naye kwa jicho moja angejikwaa siku ya kwanza. Hoja ilikuwa na mashiko. Wakachukua ya mita tano.

Sasa King'ora alipima mwenyewe, mkewe akishika mwanzo wa futi kwenye chaja. Futi ilikuwa fupi, ikabidi waisogeze mara nne. Jumla ilikuwa mita tano na sentimita tisini.

"Umeona," alisema.

"Nimeona. Siku nilipopima, gari lilikuwa wapi?"

"Halijafika."

"Nani alisimama mahali pake?"

King'ora alikohoa. "Mimi."

"Ulikuwa gari zuri, hukutikisika. Ulisimama wapi?"

Alionyesha kwa kidole: kule ndani ya banda la gari, karibu na ukuta wa nyuma wenye chaja. Kijitabu kilionyesha tundu likiwa ubavuni mbele, kushoto, naye alisimama hapo kana kwamba gari limeingia pua kwanza. Lakini gari lililokuwa mbele yao lilikuwa limeupa ukuta mgongo, pua ikitazama geti. Ni yeye aliyeliingiza hivyo, bila kufikiri, kama alivyoingiza kila gari kila mahali kwa miaka thelathini na miwili. Gari la wagonjwa huegeshwa likitazama njia, kwa sababu mgonjwa hangoji dereva apige rivasi.

"Nguo hupimwa mwilini," mkewe alisema, "haipimwi kwenye picha."

"Sawa."

"Na jicho langu?"

"Jicho lako halina kosa. Kosa ni langu."

Alilisema hilo akitazama kebo. Kisha akampigia simu muuzaji. Ile ndefu ilikuwa imekwisha. Nyingine ingefika keshokutwa.

"Basi liingize pua ndani," mkewe alisema.

"Kesho nina mgonjwa."

"Mgonjwa wako namfahamu. Anatembea, amekunywa chai, na ana ulimi. Atangoja rivasi moja."

"Na jambo likitokea usiku?"

"Jicho hili lina miaka mitatu likiziba polepole. Usiku wa leo litapata wapi haraka?"

King'ora alichukua ufunguo. Akaingia garini. Aliyewahi kurudi nyuma katika vichochoro vya giza bila kugusa ukuta alihitaji majaribio matatu kuingia kwake mwenyewe kwa mbele. Katika jaribio la pili mkewe, aliyesimama kando, alimwambia, "Taratibu, Bwana King'ora, hakuna anayekufa."

Saa kumi na dakika ishirini kebo iliingia tunduni, na kipande cha zaidi ya nusu mita kikabaki kikining'inia. Taa ya chaja ikawa kijani. Skrini ya gari iliandika kuwa zimebaki saa tisa ijae. King'ora alikiviringisha kipande kilichobaki na kukitundika juu ya msumari, mbali na njia ya miguu ya mkewe, kisha akakagua tena.

Alfajiri chaji ilikuwa asilimia mia. Mkewe aliketi mbele, mkanda umefungwa, wakati gari likitoka kinyumenyume. King'ora aliangalia saa kabla na baada: dakika moja na sekunde arobaini.

"Umechelewa?" mkewe aliuliza.

"Hapana."

"Mimi pia sijafa."

Waliingia kwenye geti la hospitali saa mbili kasoro dakika kumi na mbili. Saa mbili na dakika tano muuguzi aliuliza ni jicho gani. Walijibu pamoja, na muuguzi akachora mshale mdogo juu ya nyusi ya kushoto.