Mwakilishi wa Josepha

Mradi wa ruzuku ya kaya maskini haukuwa na hiyana: mtu achague mwenyewe, alipwe kwa simu au mkononi. Josepha alichagua simu, maana aliambiwa ndiyo njia ya watu walioendelea. Lakini kumenya vitunguu saumu Kariakoo kulikuwa kumemfuta alama za vidole, na mashine ya kusajili laini ikamkataa. Laini ikasajiliwa kwa jina la Anselmi, mtoto wa kaka yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimesajiliwa kabisa.

Tangu hapo hela iliingia kwa Anselmi ikaishia huko huko. "Mtandao unasumbua, shangazi." Kodi ikarundikana, na mwenye nyumba, mzee Sadalla, akamwambia wazi kwamba mwisho wa mwezi atamtolea vyombo nje.

Josepha akaenda ofisi ya mtaa, pale Buguruni.

"Shikamoo bibi," alisema Evelyn, binti anayesimamia malipo.

"Marahaba mwanangu. Nataka nilipwe mkononi. Mtoto wa kaka yangu ananiibia."

"Ruksa, bibi, ni haki yako kuchagua. Ila kubadilisha, lazima mwenye laini aje athibitishe."

"Mwenye laini ndiye mwizi!"

"Sawa, bibi. Aje."

Anselmi alipigiwa simu, akaja na shati lililonyooshwa. Alimwamkia shangazi yake kwa adabu mpaka foleni nzima ikampenda. Kisha akamwinamia Evelyn, akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote. "Mvumilie tu, dada. Uzee huu. Hela nampa, anasahau. Juzi kaniuliza marehemu mumewe kaenda wapi."

"Muongo we! Mwizi mkubwa!" Josepha alipayuka. Laiti angenyamaza! Kila tusi lilimpamba Anselmi.

Evelyn akamwonea huruma ya kweli, na huruma ile ndiyo iliyommaliza. "Usihangaike, bibi. Kwa wazee kama wewe tuna chaguo lao: mwakilishi. Atakupokelea kila kitu, hutasumbuka kuja hapa tena." Akaandika jina la Anselmi.

"Vijana wa hivi wamebaki wachache," alisema mama mmoja kwenye foleni.

Mlangoni Anselmi akageuka. "Shangazi, nauli ya kwenda Kariakoo unayo?"

Hakuwa nayo. Anselmi akachomoa noti ya elfu moja, akainyoosha mbele ya watu wote. Josepha akaipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa kwao Masasi, na akasema asante.