Mama Mkwe Alikaa Mbele

Anatole alikuwa fundi wa kamyo moja tu, na hiyo moja ilitosha kumnyima usingizi. Ilikuwa lori la tajiri mmoja mnunuzi wa pamba pale mjini Baraka, ikipanda Fizi milimani asubuhi na kushuka jioni, ikiwa na magunia chini na watu juu ya magunia. Shofere wake, Roger, aliendesha usiku ukiingia kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Ukimwuliza haogopi, alijibu kwamba taa zimetengenezwa na Anatole.

Na kweli Anatole alijua taa. Kila alipozifungua aliigeuza kamyo iutazame ukuta mweupe wa ghala la pamba, akapima hatua kumi, akachora msalaba wa chaki ukutani. Kisha aliita watu. "Mukuye mukale!" Wapagazi, wamama wa soko, wapita njia wasio na haraka, wote walipanda nyuma na kukaa, mkia wa gari ukalala kama umebeba magunia, na hapo ndipo alipokaza skrubu. Maana taa ukizipima gari likiwa tupu, siku likijaa mkia unashuka, pua inapanda, nazo taa zinaangalia mbinguni wakati shofere anahitaji kuona ardhi. Alikuwa amesikia kwamba huko Usumbura lilifika gari jipya la Wazungu linalojisawazisha lenyewe: ulijaze utakavyo, halilali nyuma. Anatole alicheka sana. Hata la kwake linajisawazisha, alisema, ila kwa makalio ya watu.

Sasa, Jumatatu ile ya mwaka wa hamsini na saba, alipoita watu wakae, mama mkwe wake naye alikuja.

Kwao, mwanaume hatazamani na mama mkwe. Akimwona njiani anaingia majanini. Hali chakula naye, hamsemeshi, na jina lake halitamki hata kwa bahati mbaya, kwa sababu wazee walisema anayelitamka mikono yake itatetemeka mpaka kaburini. Mama mkwe wa Anatole alibatizwa Dorothée, na kwa ajili hiyo hata Dorothée mwingine, yule muuza muhogo wa sokoni, Anatole alimwita Mama Muhogo miaka sita mfululizo, mpaka mama wa watu akachukia.

Mama mkwe hakujua ni nani anayepima gari. Aliona wenzake wanapanda, naye akapanda. Alikuwa mama wa mwili, na jua lilikuwa kali, akaenda kukaa kule mbele ambako kibanda cha shofere kilitoa kivuli. Wamama wengine wote wakamfuata wakajibana naye. Nyuma, mahali penyewe panapotakiwa uzito, wakabaki wapagazi wawili wembamba.

Anatole aliinua macho mara moja, akamwona, akayashusha upesi. Kumwambia mtu "Mama, sogea nyuma" ni maneno matatu. Yalimshinda. Akajificha nyuma ya taa, akakaza skrubu akiangalia vidole vyake tu, akaondoka bila kuinama kutazama springi. Mficha uchi hazai, lakini nani atamkumbusha mtu methali wakati mkwe amekaa hatua tatu kutoka usoni pake?

Kesho yake kamyo ilipanda. Marthe, mke wa Anatole, alikuwa juu yake pamoja na mtoto wao wa miezi mitano na mama yake. Walikwenda kuhani msiba Fizi, warudi jioni ileile.

Saa kumi na moja Bonaventure, kantonye mtengenezaji wa barabara ile, alifika ghalani na jembe begani, tope mpaka magotini.

"Anatole, njia imekuliwa na mvua ya leo muchana kwa ile kona ya mawe mekundu," alisema. "Nusu ya njia imeenda chini kwa mutoni. Niliweka majani, niliweka na jiwe nyeupe kwa kando ya shimo. Muntu akipita pole pole kwa upande ya mulima, atapita."

"Roger ataona," Anatole alijibu. "Taa yake nilitengeneza mi mwenyewe, jana."

"Basi hakuna neno."

Bonaventure akaenda zake kunawa. Anatole akabaki na maneno yake mwenyewe mdomoni, na yalikuwa na ladha mbaya. Akageuka kutazama ukuta. Msalaba wa chaki ulikuwa palepale. Akakumbuka kivuli, akakumbuka wamama waliojibana mbele kama vifaranga, akakumbuka wapagazi wawili nyuma. Mkia haukulala. Alikuwa amepima gari lililo kama tupu, na sasa lilikuwa linashuka na magunia ya pamba hadi juu. Mwanga wa Roger utapita juu ya majani ya Bonaventure, juu ya jiwe jeupe, uende kuangaza miti ya ng'ambo ya bonde.

Aliomba baiskeli ya Albert, karani wa ghala, na hakungoja jibu.

Alikanyaga kuelekea milimani huku jua likiteremka, akijiambia kwamba atakutana nao kabla ya giza. Kila alipokunja kona alitegemea kuuona uso wa kamyo. Aliona mbuzi, aliona wanawake wawili na kuni zao, hakuona kamyo. Kilima kilipokuwa kikali alishuka akasukuma mbio. Jasho lilimwingia machoni, na ndani ya jasho alimwona mtoto wake amefungwa mgongoni kwa kitenge cha maua, kitenge alichokinunua yeye. Alijaribu kuomba Mungu na sala ikamkatikia katikati. Giza likaanguka ghafla kama linavyoanguka kwetu, na hapo ndipo alipogundua kwamba hakubeba hata kandili. Fundi wa taa, na hana taa!

Alitupa baiskeli akakimbia kwa miguu. Barabara pale inajikunja: kipande cha chini kinapita chini ya ukingo, kinazunguka mawe mekundu, kinarudi juu kwenye ukingo wenyewe. Anatole alikuwa kipande cha chini aliposikia injini ikilia kwa gia nzito. Akainua macho. Juu kabisa, vilele vya miti viliwaka vyeupe, jani kwa jani, ukaweza kuyahesabu. Chini ya mwanga huo barabara ilikuwa nyeusi tii.

Kwa hiyo ilikuwa kweli. Mpaka dakika ile alikuwa bado anatumaini amekosea.

Walikuwa juu ya kichwa chake, karibu kiasi cha kuwasikia wakiimba, na hakuwa na muda wa kuizunguka kona. Akapaza sauti. "Simameni! Roger! Simama!"

Wakajibu. Watu wa juu ya kamyo hupigiwa kelele na kila mtu njiani, na huitikia kila mtu. "Eeee! Jambo yenu!" wakapaza kwa furaha, na wimbo ukaendelea. Roger, ndani na injini yake, hakusikia lolote.

"Marthe! Marthe!"

"Eeee!" waliitikia wengi, kwa sababu kila parokia ina Marthe watano.

Mwanga ulianza kuhama kutoka mti hadi mti. Roger alikuwa anakunja kona. Ndani ya woga ule likamjia Anatole jina moja tu ambalo likitoka kinywani mwake halitaitikiwa kwa mzaha. Mikono yangu, aliwaza. Mikono yangu ndiyo chakula changu. Akamwona tena mtoto na kitenge chake.

"Dorothée!" alipiga kelele mpaka koo likachanika. "Dorothée! Kufa iko mbele! Dorothée!"

Wimbo ukakatika palepale.

Mama yule alikuwa amekaa mahali pake apendapo, mbele, mgongo kwenye kibanda. Sauti ile aliijua. Miaka sita alikuwa akiisikia kutoka nyuma ya ukuta, kutoka nyuma ya mti, ikisema na watu wengine. Hakuuliza kitu. Aligeuka, akaukunja mkono wake mnene, akapiga bati la kibanda kwa nguvu zake zote, akapiga na kupiga, mpaka breki zikalia na miti ikaacha kutembea.

Anatole alipofika juu alikuwa anatambaa zaidi ya kukimbia. Gurudumu la mbele lilikuwa limelala juu ya majani ya Bonaventure. Hatua mbili mbele yake hapakuwa na barabara. Roger alikuwa ameshuka, ameshika mlango kana kwamba mlango ndio unaomsimamisha.

"Taa yako inanionyesha tumbili, Anatole," alisema, na sauti haikuwa yake. "Tumbili tu."

"Ni kosa yangu. Mi nilikosa."

Marthe alishuka na mtoto, akaja akasimama karibu na mumewe. Mtoto alikuwa amelala. Anatole alimgusa kichwani, akaondoa mkono upesi kwa kuwa ulikuwa unatetemeka. Watu wengine waliteremka. Wote walilisikia jina lile, na hakuna aliyemtazama usoni.

Roger alirudisha kamyo nyuma pole pole, akaielekeza kwenye shimo. Anatole akatoa bisibisi mfukoni akapiga magoti mbele ya taa. Bisibisi ikagonga kioo, ikateleza, ikagonga tena. Ni woga, alijiambia. Ikiwa si woga, basi ndiyo yale waliyosema wazee, na nitayabeba.

Kutengeneza kulihitaji watu warudi juu, na ilibidi aseme.

Nyuma yake alisikia hatua nzito zikisimama. Mama mkwe alikuwa amejifunika kichwa chote kwa kitenge na kuwapa mgongo.

"Marthe," alisema mama yule, "uulize ule mwanaume: mi nikale wapi?"

Marthe aliangalia mgongo wa mama yake, akaangalia mgongo wa mumewe, akauliza.

"Umwambie," Anatole alijibu, akiongea na taa, "akale nyuma. Kwa mwisho kabisa."

Wakapanda. Mama yule alipita juu ya magunia yote, taratibu, akakaa mkiani, na wengine wakamfuata. Kamyo ikalala nyuma kidogo zaidi. Anatole alishika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto ili utulie, akazungusha skrubu, na mwanga ukateremka kutoka kwenye miti, ukapita hewani, ukafika chini, ukalikuta jiwe jeupe na shimo pembeni yake.