Mali ya Ushirika

"Nakwambia imerudi tena!" Mama Zuwena alibandika karatasi juu ya ukuta uliotenganisha ua wake na wa jirani. "Nimeifuta kwenye kompyuta kwa mkono wangu, Revocatus. Nimekwenda kuonja mchuzi tu, narudi, nayo imerudi. Hata mume aliyefukuzwa hupiga hodi kwanza!"

"Shikamoo, Mama Zuwena."

"Marahaba. Soma."

Revocatus akasoma. Ilikuwa kadi ya harusi, ina maua pembeni: familia ya Mzee Uwesu inakualika kwenye ndoa ya binti yao Zuwena. Juu kabisa, kwa herufi nene, iliandikwa: MALI YA USHIRIKA WA ASALI. HAIUZWI.

"Kompyuta yako ina matatizo," akasema.

"Ilikuwa nzima mpaka jana! Wakwe wanatoka Kaliua, treni imeshaingia. Ukoo ule, usipomtia mtu kadi mkononi, hujamwalika. Mambo ya kutumiana kwa simu hawayajui. Waje wakute mwanangu kaandikwa kama pipa la asali?"

Revocatus hakupenda kushindana na mwanamke aliyeshika mwiko, lakini kazi yake aliijua. Ndiye aliyetunza kompyuta za ule ushirika wa asali, vituo vyote toka Isikizya mpaka Choma, na zote alizitunza akiwa sebuleni kwake na kaptula. Alikuwa akifungua dirisha jeusi kwenye skrini, akiandika mstari mmoja wa amri, na skripti yake, orodha ya maagizo, inapita kituo kwa kituo kuhakikisha kila kompyuta imekaa alivyotaka yeye. Karani akibadilisha kitu, baada ya muda skripti inapita tena na kukirudisha. Jana ndipo alipoongeza yale maneno yatokee juu ya kila karatasi inayochapwa, maana makarani walizidi kuchapisha ratiba za kwaya kwa karatasi za ofisi.

Akaleta laptopu ukutani. "Tazama mwenyewe. Kijani kitupu. Sawa, sawa, sawa."

"Sawa kwa nani?"

Nyuma ya Revocatus, Levina, mpangaji mwenzake, alikuwa akianika kanga moja kwa muda mrefu sana. Akasogea. "Huu mstari wa mwisho umeandikwa 'kwa-mama-zuwena'," akasema. "Au macho yangu?"

Macho yake hayakuwa na kasoro. Revocatus ndiye aliyempitishia jirani waya wa intaneti juu ya ukuta, naye akawa anapata bakuli la mchuzi kila Ijumaa. Ili asiruke ukuta kila kompyuta ile ikigoma, aliiunganisha na zile za ushirika, akaipa jina. Na jana, pale alipotakiwa kuandika "vituo", aliandika "zote". Skripti haijui ujirani. Ukiiambia zote, ni zote.

"Ni ule waya," akasema taratibu.

"Waya uliokula mchuzi wangu!"

Akaandika: zote, isipokuwa kwa-mama-zuwena. Akabonyeza. Kisha, akiwa hapohapo ukutani, akayafuta yale maneno kwenye kompyuta ya Mama Zuwena, na ndani kwa jirani printa ikaanza kukohoa kadi safi.

Ila barazani kwa Mama Zuwena, hatua chache kutoka ukutani, Mzee Yahaya, baba mdogo wa bwana harusi, alikuwa ameshakaribishwa na Zuwena. Kapewa maji. Na kadi iliyokuwa mezani, yenye yale maneno, nayo kapewa.

Mama Zuwena aliganda na mwiko wake. Mzee akavaa miwani, akasoma juu mpaka chini, akarudi juu.

"Haiuzwi," akasema. "Ushirika gani huu?"

Zuwena akatazama ukutani. "Ni jirani yetu, baba."

Mama yake akaja mbio na kadi safi, ya moto bado. "Samahani sana, mzee, hiyo ilikosewa, chukua hii..."

"Ya nini? Mimi nimeshaalikwa." Mzee Yahaya akaikunja ile ya kwanza, akaitia mfukoni mwa kanzu. "Kadi nyingine hutaja baba na mama tu. Hii imetaja mpaka jirani. Na huyo ushirika mbona haji kutusalimia?"

Mama Zuwena akageukia ukuta.

"Revocatus! Funga hicho kidude, pita mlangoni kama watu, uje ule. Na wewe Levina njoo, hiyo kanga imeshakauka."