Makaa ya Mke Mwenza

Wivu wangu ulikuwa na uzito wa lori zima la makaa ya mawe, na nilijua lilipomwagwa: mjini Tychy, mbele ya jengo la ghorofa, chini ya roshani ya mwanamke aitwaye Trauda, ambaye nyumba yake ina mabomba ya joto ukutani na wala haina jiko la makaa.

Kwetu Silesia, mkoa wa migodi, mchimbaji hupewa na mgodi makaa ya bure kila vuli mpaka afe, na akifa, mjane wake anaendelea kupewa. Desturi nzuri, sina neno nayo. Neno langu ni kwamba Ewald alipofariki, mjane nilikuwa mimi.

Mimi Lojzik nilikuwa kondakta wa tramu. Ewald aliingia siku moja na njiwa ndani ya koti, akaniambia njiwa hana tiketi. Nikasema njiwa apite bure, yeye alipe. Akalipa, na akaendelea kulipa mpaka nilipostaafu, maana kampuni ya tramu iliwapa wake wa wafanyakazi pasi za kusafiri bure, na Ewald, ingawa alipika nyama ya kukunja kuwashinda wake wote wa depo ya tramu, hakuwa mke. Majirani walituona wanaume wawili nyumba moja, wakaniita binamu yake. Silesia nzima hakuna mabinamu waliogombania blanketi kama sisi.

Trauda alimwacha zamani, kabla yangu, akaenda zake na fundi wa redio. Lakini ndoa yao haikuvunjwa, kwa sababu mama yake Ewald alisema aibu hiyo ingemuua. Mama akaja kufa kwa uzee, na wote wakasahau. Wote ila mgodi.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali hata njiwa wa Ewald walikohoa, na supu iliganda kwenye kijiko kabla haijafika mdomoni. Asiyeamini aulize mdomo wangu. Pensheni ya tramu haikutosha makaa. Nikachoma rafu, nikachoma meza ndogo, nikachoma fremu ya picha ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji, Mungu anisamehe. Kikabaki kiti cha Ewald, kile kikubwa cha mikono, chenye shimo alilolichimba mwenyewe kwa makalio yake. Kila jioni shoka lilikiangalia, nami nikaliangalia shoka.

Nikapanda basi kwenda Tychy kuliona lile rundo. Nililitazama kama mtu anayemwona mumewe akicheza muziki na mwingine harusini. Kisha nikafungua mfuko, nikaanza kuokota.

"Chukua hilo kubwa, mke mwenza!" sauti ikatoka juu. "Hilo dogo litakupasha masikio tu!"

Trauda, niliyewahi kuonana naye mazishini tu, alikuwa kwenye roshani, nywele zimefungwa vibano. Akashuka na slipa.

"Wewe una mabomba ya joto," nikamwambia. "Makaa ya nini?"

"Nawapa majirani. Lakini kwanza nayatazama siku mbili tatu. Ewald hakuwahi kuniletea hata ua moja, Lojzik. Sasa kila vuli ananiletea lori."

"Anakuletea nani? Mgodi ndio unaleta!"

"Karatasi ina jina lake, na chini yake jina langu. Lako liko wapi?"

Nikahisi nimemeza kaa la moto. "Ulimwacha, wewe!"

"Nilimwacha kwa sababu alikuwa akinitazama kama abiria anayetazama kituo ambacho si chake. Wewe ulipata mtu, mimi nimepata makaa. Hebu niambie, nani hasa amwonee mwenzake gere?"

Nikaokota kaa jingine. Meno yalikuwa yakigongana, kwa baridi, msifikirie kingine.

Akautazama mfuko wangu, akaguna. "Makaa yanamfuata mjane anakoishi. Nikijiandikisha kwako, lori litamwaga mlangoni pako. Ila jina langu likae mlangoni, na mkaguzi wa mgodi anikute ndani."

"Jina lako kwenye mlango wa Ewald? Heri nigande!"

Nikarudi nyumbani, nikaganda. Hatimaye siku moja nikaliinua shoka juu ya kiti. Lile shimo likanitazama. Nikalishusha shoka, nikaenda kwa jirani kuomba simu.

"Njoo na kibao chako cha jina," nikamwambia Trauda.

Mkaguzi, Bwana Kopiec, alikuja na masharubu yanayotona theluji. Alimkuta Trauda kwenye kiti cha Ewald, amevaa aproni, anamenya viazi kana kwamba alizaliwa pale. Kisu chake kilimenya viazi na roho yangu pamoja.

Bwana Kopiec akafungua mlango wa chumba. Kitanda kimoja, kipana, mito miwili. Wa Ewald sikuwahi kuuondoa.

"Na huyu mzee ni nani?" akauliza.

"Mpangaji," Trauda akajibu.

"Mpangaji analala wapi?"

Kiazi kikamponyoka Trauda, kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha mkaguzi. Bwana Kopiec akatabasamu kwa masharubu yote. "Aa, Mama Trauda! Mjane wa mchimbaji, na mwanamume ndani!"

Nikayaona makaa yakigeuza lori na kurudi mgodini, maana mjane akiolewa tena hupoteza makaa.

"Mmefunga ndoa?" akauliza.

"Na huyu? Mungu apishe mbali!" Trauda akamaka.

"Kanisani? Serikalini?"

"Hata jikoni hatujafunga!"

Bwana Kopiec akafunga mkoba wake. "Basi hakuna tatizo. Mgodi unamjua mume na unamjua mke. Anayeishi tu na mtu, sisi hatumwoni. Huyu mzee, kwetu, hayupo."

"Hayupo kabisa?" nikauliza.

"Hayupo," akasema, akanipa mkono wa kwaheri.

Lori likaja. Likamwaga makaa meusi yanayong'aa, na kaa moja kati yake lilikuwa kubwa kama ndama, ilibidi tulisukume watu wanne. Jirani yangu Cila akatoka na sinia la keki ya jibini.

"Hatimaye, Lojzik! Tulidhani utakufa bila mwanamke! Ewald angefurahi, maskini, alivyokuwa akikuhurumia!"

Miaka yote niliyoishi na Ewald hakuna aliyetuletea hata kipande cha keki. Trauda kakaa alasiri moja na kisu cha viazi, sinia zima. Niliila kwa hasira. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Sasa Trauda huja kila Jumapili. Anasema joto la mabomba halina harufu. Jumapili ya kwanza aliingia, akaketi moja kwa moja kwenye kiti cha Ewald.

"Ondoka hapo," nikasema.

"Jina langu liko mlangoni."

"Lakini shimo si lako. Kiti hiki nimekinusuru na shoka kwa ajili ya makalio ya mtu mmoja."

"Kiti hiki alikinunua mama yangu, mke mwenza. Kilikuwa zawadi ya harusi."

Hilo Ewald hakuwahi kuniambia. Miaka yote ile! Trauda akainuka taratibu, akapitisha kiganja ndani ya shimo.

"Limehama," akasema. "Ewald alikuwa akiegemea kushoto."

"Kulia. Mgongo ulikuwa ukimuuma."

"Alipokuwa kijana mgongo haukumuuma. Aliegemea kushoto, karibu na dirisha, akipiga mluzi kuwaita njiwa."

Ewald kupiga mluzi! Mimi nilimkuta tayari mapafu yamejaa vumbi la mgodi, hawezi hata kuzima mshumaa. Wivu ukanipanda upya, mbichi kabisa, wa kumwonea yule kijana wa dirishani ambaye sikupata kumjua, na mwanamke huyu wa slipa aliyemjua.

Nikatupa makaa mengine ndani ya jiko. Nikamsogezea kiti.

"Keti," nikamwambia. "Mluzi wenyewe ulikuwaje?"