Alichokula Kulungu Asubuhi

Jumamosi ya pili ya Oktoba, saa mbili kasoro robo asubuhi, Marlys Kangas alimpiga risasi kulungu dume wa mkia mweusi hatua hamsini chini ya geti la kampuni ya mbao. Alimburuta hadi kwenye pikapu, akampasua kwa kisu cha baba yake. Mvua ilikuwa ile ya kawaida, ya kulowanisha bila kelele, ambayo wawindaji wa huku huiombea kwa sababu majani makavu humwambia kulungu kila kitu. Alitoa ini akalitia kwenye mfuko safi. Akatoa moyo. Kisha, kabla ya kufuta kisu, akapasua tumbo.

Kila mtu wa bondeni hufanya hivyo. Ukijua kulungu alikula nini alfajiri, unajua wenzake watakuwa wapi kesho, na jirani akikuuliza unaweza kumdanganya vizuri. Mara nyingi utakuta majani ya miiba, uyoga wa manjano uliotafunwa, na kangaga mwaka ukiwa mbaya. Marlys alikuta matufaha sita. Yalikuwa mazima, makavu, ya njano yenye michirizi myekundu, na moja bado lilikuwa na jani kwenye kikonyo. Aliyapangusa kwenye suruali, akayatia ndani ya kofia, akaisogeza kofia mbali na damu.

Juu ya geti hapakuwa na mtufaha hata mmoja. Mlima ule ulikuwa umenyolewa na kupandwa misonobari mara mbili tangu Marlys azaliwe, na kati ya upara mmoja na mwingine hakuna kilichoachwa kimesimama. Alizitazama nyayo, akaona kulungu alishuka kutoka hukohuko. Basi, akafunga kibali chake kwenye pembe kama sheria inavyotaka, akaendesha kwenda nyumbani polepole ili matufaha yasigongane.

Kilichomnyima usingizi hakikuwa matufaha. Kilikuwa baba yake.

Reino Kangas alikuwa na miaka themanini na minne, na tangu aliporudi kutoka hospitali mwanzoni mwa Septemba alikuwa ameacha kula. Hakuwa amegoma. Alisema tu kwamba kila anachotia mdomoni ni kama anatafuna gazeti. Kahawa alikunywa. Mkate wa iliki, ambao Wafini wa bonde hili, wazao wa wahamiaji kutoka Finland, huuoka kila Jumamosi, aliuchovya kwenye kahawa, akautazama, akauweka chini. Muuguzi aliyekuja kila Jumanne alimpima, akamwita Marlys barazani, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mzee akiendelea hivi Krismasi hataiona. Marlys alijaribu supu ya samaki, alijaribu uyoga uliokaangwa kwa siagi, na alijaribu kulia jikoni huku bomba likiwa wazi asisikike. Vyote havikufua dafu.

"Umepata?" Reino aliuliza kutoka kwenye kiti chake cha dirishani.

"Dume. Pembe mbilimbili."

"Mnene?"

"Kuliko wewe."

"Hata ufagio ni mnene kuliko mimi. Alikula nini?"

Marlys aliweka kofia mezani. Reino alichagua tufaha moja, akaligeuza, akalitazama kitako, akalinusa. Kisha akaling'ata. Nyumba ile ilikuwa na wiki tano haijasikia sauti hiyo, na Marlys alishika ukingo wa sinki asije akasema neno la kuiharibu.

"Hili la mti wa tatu," Reino alisema akitafuna. "Ule wa karibu na kisima. Ya mti wa kwanza yana ukali kidogo. Nani amepogoa?"

"Sijui, Baba."

"Kuna mtu amepogoa. Miti ile ukiiacha mwaka mmoja tu, matufaha yanakuwa kama gololi." Alilimaliza, akapanga mbegu tano kwenye kisahani. "Sasa hilo ini utalikaanga au tunalitazama tu?"

Alilikaanga kwa siagi na vitunguu, akakatia matufaha mawili juu yake. Reino alikula vipande vitatu akapangusa sahani kwa mkate. Marlys alitoka nje, akasimama kwenye rundo la kuni, akalia tena, safari hii bila bomba, kwa raha tupu ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Habari ya miti hiyo watu wote wa bonde walikuwa wameisikia, na hakuna aliyeiamini. Mama yake Reino, Hilja, alipanda mitufaha kumi na mmoja juu mlimani, kando ya nyumba yao, akaiunganisha vikonyo kwa mikono yake. Kila jioni ya vuli alisimama kwenye ua, akang'ata tufaha mara moja tu kupima utamu, kisha akawarushia kulungu lililobaki. Alikuwa na pengo la jino la juu kushoto, aliloling'oa mwenyewe kwa koleo, na alama yake ya kung'ata ilijulikana nyumba nzima. Huwezi kumwibia Hilja tufaha ukasema limeliwa na panya.

Reino alipokuwa na miaka kumi na tisa, bwana mmoja wa kampuni alimkuta njiani akamwomba asaini karatasi juu ya boneti ya gari. Alimwambia ni ruhusa ya kupitisha barabara. Karatasi haikuwa ya barabara. Ilisema ardhi ile ni tupu, haijawahi kuwa na nyumba wala mti wa kupandwa, na kwamba aliyesaini ni mtu anayeifahamu. Wiki iliyofuata nyumba ilichomwa na mitufaha ikang'olewa kwa tingatinga, na karatasi ikawa kweli. Hilja alihamia mjini, chumba cha kupanga juu ya kinyozi, akafa baridi ya pili. Hakumlaumu mwanawe hata siku moja. Hilo ndilo lililomla Reino miaka sitini na mitano, kwa sababu mtu akikulaumu unaweza angalau kumjibu.

Jumanne, muuguzi alipima, akapima tena, akasema mizani haina shida. Jumatano akaja Dewey Stroud.

Dewey alikuwa jirani yao, dereva mstaafu wa malori ya magogo, mtu mwema mwenye mdomo. Ndiye aliyembatiza Reino jina la Mzee wa Matufaha, na kila vuli alipita kuuliza kama mavuno yamejaza ghala. Siku hiyo aliingia na ndoo ya aisikrimu mkononi.

"Mzee wa Matu..." alianza, akajikata. Akavua kofia. "Mzee Reino. Nimepiga kulungu jana pale getini. Nimeleta vitu vyenu."

Ndani ya ndoo mlikuwa na maharage mabichi konzi mbili, petali za waridi jeupe, na kibanio cha nguo cha mbao.

"Kibanio alikila cha nini?" Reino aliuliza.

"Ningemuuliza, lakini yuko kwenye friza." Dewey aliizungusha kofia mikononi. "Miaka arobaini nimekutania, mzee."

"Arobaini na miwili. Ulianzia harusini kwa dada yako, mbele za watu."

"Nisamehe, bwana."

"Kaa ule. Hicho kibanio nipe, ni cha mama."

Dewey alikaa akala, na akasema maharage yale yanahitaji chumvi zaidi. Reino alimwambia aende akamwambie aliyeyapanda. Walicheka mpaka Reino akakohoa, na Marlys akasimama mlangoni akiwatazama wazee wawili wakigombea kipande cha mwisho cha sarara, na moyo wake ukatulia kabisa kwa mara ya kwanza tangu kiangazi.

Baada ya hapo ikawa ni desturi. Aliyempiga kulungu karibu na geti alibaki na nyama, akaleta kwa Reino alichokikuta tumboni. Zililetwa karoti zenye udongo. Ililetwa kola ya shati la mwanamume, iliyopigwa pasi. Wanawake wa bonde walianza kubeba ndoo safi pamoja na bunduki. Uyoga ulikuwa mwingi mwaka ule, mto ulijaa samaki, na watu walikula vizuri kuliko miaka mingi, na mezani kulikuwa na kitu cha Hilja karibu kila nyumba.

Marlys alibeba tufaha, kibanio na kola hadi ofisi ya ardhi ya kaunti, viwe ushahidi. Karani, Bi Pruitt, alivipokea kwa heshima akavipanga juu ya kaunta.

"Kaka yangu kamkuta kulungu wake na maganda ya viazi," alisema. "Ganda moja refu, halijakatika popote."

"Huyo ni bibi. Alikuwa hainui kisu mpaka kiazi kiishe."

"Alikuwa fundi." Bi Pruitt alifungua kitabu kikubwa, akatembeza kidole. "Lakini hapa pameandikwa ni patupu. Na sahihi ni ya baba yako."

"Alidanganywa."

"Naamini, mpenzi. Mimi siandiki ninachoamini." Alimrudishia kola na kibanio. Tufaha aliomba abaki nalo kwa chakula cha mchana, na Marlys akamwachia.

Wiki hiyohiyo kampuni ilimtuma bwana mmoja mwenye buti safi. Marlys alimkatia pai ya matufaha kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Alikula kipande, akaongezewa, akauliza kwa aibu kama kuna cha kumpelekea mkewe. Kisha akatoa barua, akaiweka kando ya sahani, akaaga kwa adabu.

Reino aliisoma na miwani yake puani. Aya ya kwanza ilisema kampuni inathibitisha kwamba mlimani hapajawahi kuwa na bustani. Aya ya pili ilisema matufaha yote ya bustani hiyo ni mali ya kampuni, kwamba kulungu wanaruhusiwa kuendelea kuyala, na kwamba kufuli la geti limebadilishwa.

"Aya zote mbili kaziandika mtu mmoja?" Reino aliuliza.

"Sahihi ni moja."

"Ana kazi ngumu huyo," alisema, akaikunja barua akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza.

Jumapili ya mwisho ya msimu, saa nane mchana, Reino alisema kibali chake bado hakijatumika na ni dhambi kukitupa. Muuguzi angekataa, lakini ilikuwa Jumapili. Marlys alimvalisha koti la sufu, akamfunga buti, akamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa chini ya msonobari, pale geti linapoonekana vizuri, na bunduki yake ya zamani magotini. Mvua ilikuwa nyepesi. Walikaa nusu saa wakilitazama geti.

Dume alishuka barabarani akitembea katikati, bila haraka, kama mtu aliyetumwa dukani. Alifika getini, akazunguka nguzo, akapita upande wao. Akasimama akiwapa ubavu.

Reino alipiga mara moja, na mara moja ilitosha.

Marlys alimpasua pale chini, baba yake akiwa amesimama juu yake ameegemea bunduki. Ini likaingia mfukoni. Moyo ukafuata. Tumboni mlikuwa na tufaha moja tu, kubwa, la njano. Lilikuwa limeng'atwa mara moja. Nyama yake ilikuwa bado nyeupe, haijaanza hata kubadilika rangi, na katikati ya alama ya meno, juu kushoto, palikuwa na ukuta mdogo uliobaki pale ambapo jino halikuwepo.

Marlys alimpa. Reino alilishika kwa mikono miwili kwa muda mrefu.

"Yuko nyumbani," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nilidhani hana pa kwenda." Machozi yalimshuka akayaacha yashuke. "Miaka yote hii, mwanangu. Nilidhani nimemwacha hana pa kwenda."

Marlys alimfuta uso kwa mkono usio na damu. Reino alivuta pumzi ndefu, akaligeuza tufaha upande mwingine, akaanza kula. Alilila lote, na mbegu akazitia mfukoni pamoja na zile nyingine. Alisema lingeweza kukaa mtini siku mbili zaidi, lakini si mbaya.

Walipokwisha kumpakia kulungu, Reino aliomba asubiriwe kidogo. Alitembea hadi getini kwa miguu yake, akalishika kufuli jipya, akalitikisa, kama alivyolitikisa kila kufuli la geti lile kila vuli tangu alipokuwa kijana. Lilikuwa limefungwa. Alilitikisa mara ya pili, kwa nguvu zaidi, asikilize kama linalegea. Halikulegea.

"Imara," alisema akipanda garini. "Hakuna atakayeingia kumsumbua."

Kisha akamwambia Marlys awashe gari, kwa sababu ini halingojei, na yeye ana njaa.