Sikio la Joakim

Nesi wa zahanati alipouliza nani nyumbani kwetu anavuta sigara au tumbaku, maana moshi huchochea ugonjwa wa sikio la mtoto, mkamwana wangu Mektilda alijibu upesi, "Hakuna." Nilikuwa palepale kwenye benchi, nimempakata mwanawe Joakim, usaha unamtoka sikioni na kulowesha kanga yangu. Nikatazama sakafu.

Mume wangu, Baba Masunga, anavuta tangu nimjue. Tumbaku anaisokota kwa karatasi ya gazeti, na mjukuu huyu halali mchana mpaka awe mapajani kwa guku wake, yaani babu. Lakini mkamwana wa Kisukuma atamtajaje baba mkwe mbele ya mtu baki? Hata chakula humwandalia kapiga magoti, uso kaugeuzia pembeni.

"Ana mafua?" nesi akauliza.

"Yanakuja na kuondoka."

"Chupa anapewa akiwa amelala chali?"

"Ananyonya, dada. Chupa hana."

Nesi akaweka kalamu chini. "Basi dawa humalizi. Mtoto akipata nafuu unaacha, ndiyo maana kila mara uko hapa. Ngoma ya sikio imetoboka, mama. Tukiendelea hivi utamwita asiitike. Hapo utamlaumu nani?"

Akina mama wa kwenye foleni wakageuka. Mektilda dawa anaimaliza mpaka anasuuza kichupa kwa maji amnyweshe mtoto. Nimemwona kwa macho yangu. Akainama. "Nisamehe, dada."

Nami, bibi ninayewategea vitendawili watoto wa Nkololo mpaka wanagoma kwenda kulala, mdomo haukufunguka.

Njiani nikamuuliza Mektilda, "Mayu, mama yangu, kwa nini hukusema?"

"Wewe mama ungesema?"

Tukapita mashamba ya pamba.

Nyumbani tulimkuta mzee kakaa mlangoni, msokoto uko vidoleni. "Lete rafiki yangu!" Joakim akamnyooshea mikono, akapakatwa. Nilitaka kusema, nikaona haya, maana mkamwana alikuwa anasikia. Nikakimbilia ninachokiweza.

"Kitendawili!"

"Mama Masunga, hata maji hujanywa! Haya, tega."

"Mzee anapika bila chungu, anayelishwa ni mtoto."

Akacheka. "Hiyo rahisi. Ng'ombe na ndama."

"Ng'ombe hana ndevu. Umekosa."

Akavuta, akapuliza. Moshi ukapita juu ya kichwa cha Joakim, naye akautazama unakokwenda. Kicheko kikamwisha mzee.

"Nipe mji," nikasema.

"Nakupa Malampaka, na stesheni yake."

"Sitaki."

"Mwanhuzi, na ng'ombe wote."

"Kaa na miji yako. Jibu unalo."

Mektilda alisimama na sufuria mkononi, hajui aingie jikoni au atoke.

"Nesi ndiye kasema?" mzee akauliza taratibu.

"Nesi hajui. Kaambiwa kwetu hakuna anayevuta. Mkamwana wako kagombezwa mbele za watu kwamba hampi mtoto dawa, na mimi nimekaa namsikiliza. Sikio limetoboka, Baba Masunga. Atakuja kuwa hasikii."

Akamteremsha mtoto. Akauponda msokoto kwa kisigino, akavua koti lake, akalitundika uani, akaenda kukaa nyuma ya zizi. Joakim akamfuata mbiombio.

"Mshike, mayu!" mzee akaita. Alikuwa hajawahi kumpigia kelele mkamwana. "Asinifuate huku, nanuka." Kisha, sauti ikiwa chini, "Aliyestahili kugombezwa ni mimi."

Joakim alilia kwa hasira ya kunyimwa paja lake. Mzee alitupa mgongo, hakugeuka.

Mektilda akaniletea maji ya kunawa, kapiga magoti vilevile kama siku zote. Nilinawa bila kumtazama. Mzee kasema lake, lakini zahanati nzima bado inajua kwamba mkamwana wangu ni mzembe, na ni mimi niliyewaacha wajue hivyo.

Jumatano tunarudi sikio likasafishwe. Nitaongea mimi, kabla nesi hajauliza, na kwa sauti ya kufika kwenye foleni.